Habari Inayotisha na Habari Inayosaidia

Leo sitazungumza juu ya malaria wala juu ya maziwa ya mama. Nataka tuzungumze juu ya kitu kinachoingia nyumbani mwako kila saa bila kubisha hodi, nacho kinagusa afya yako na ya mtoto wako kuliko unavyofikiria. Kitu hicho ni taarifa ya habari.

Utaniuliza, "Sista, muuguzi ana haja gani na habari? Si hiyo ni kazi ya waandishi?" Naam, kuziandika na kuzisoma ni kazi yao. Lakini yanayotokea baada ya kusomwa huletwa kwangu kliniki.

Mama mmoja alikuja kliniki akiwa na mimba ya miezi saba. Uzazi wake wa kwanza alivuja damu nyingi sana, kwa hivyo yeye ni mtu ambaye hatutaki kabisa azalie nyumbani. Nilipoanza kumweleza juu ya mpango wa kujifungua, aliniambia, "Sista, mimi huko hospitali siendi. Nimesikia kwa redio watoto wachanga wamekufa." Nikamuuliza ni hospitali gani. Hakukumbuka vizuri. Walikufa kwa sababu gani? Hakujua. Je, walisema hospitali nyingine zimefanya nini ili jambo kama hilo lisitokee? "Hapana, walisema tu wamekufa, halafu wakaweka tangazo la sabuni."

Habari yenyewe ilikuwa ya kweli, na watu walistahili kuijua. Tukificha vifo, wanaohusika hawatawajibika hata siku moja. Shida ni kwamba habari iliishia njiani. Ilimwonyesha mama huyu hatari, ikamwacha hapo hapo bila kumwonyesha pa kupita. Naye alijitafutia njia yake, ambayo ilikuwa kuzalia nyumbani, mahali ambapo hakuna damu ya kuongezewa wala dawa ya kuzuia damu. Ilibidi mimi na mama mkwe wake tuketi naye mara mbili ndipo akakubali.

Basi woga ni kama pilipili. Kidogo huleta hamu ya chakula, nyingi hufanya mtu asukume sahani. Mtu akitishwa na akaonyeshwa la kufanya, hufanya. Akitishwa tu kila siku, huzima redio au hujifanya hakusikia. Taasisi ya Reuters ya Chuo Kikuu cha Oxford, Uingereza, huwauliza watu wa nchi nyingi kila mwaka jinsi wanavyofuata habari. Mwaka wa 2017, watu 29 katika kila 100 walisema huwa wanazikwepa habari mara kwa mara au wakati mwingine. Kufikia mwaka wa 2022 walikuwa 38. Wengi walieleza kwamba habari huwaharibia moyo. Mimi siwalaumu. Lakini mama anayezima redio kwa sababu amechoka na mabaya, huikosa pia siku watakapotangaza kwamba chanjo ya surua itatolewa shuleni Jumatano.

Ndiyo maana kuna waandishi wanaojaribu njia nyingine. Nchini Marekani, mwaka wa 2013, waandishi wachache wakiwemo David Bornstein na Tina Rosenberg walianzisha shirika la kufundisha wenzao namna ya kuandika habari zenye suluhisho. Neno hilo lisikudanganye. Si habari tamu tamu za kusifu wakubwa, wala si kusema mambo yako shwari wakati hayako shwari. Mwandishi hueleza tatizo kama lilivyo, halafu huenda kutafuta mahali ambapo watu wamelishughulikia tatizo hilo hilo. Hueleza walifanyaje hatua kwa hatua, kuna ushahidi gani kwamba jambo hilo linafaa, na pia halifai wapi.

Hebu nikupe mfano wa hapa kwetu. Mnakumbuka mwaka wa 2020. Mgonjwa wa kwanza wa korona alitangazwa Kenya tarehe 13 Machi, na kuanzia tarehe 27 Machi tukawekewa amri ya kutotoka nje usiku. Kila alasiri tulikaa kusikiliza hesabu: leo wameambukizwa kadhaa, leo wamefariki kadhaa. Lakini uchungu wa uzazi haujui amri ya serikali. Mama akishikwa na uchungu saa tano usiku, teksi hakuna, boda boda anaogopa polisi, na mama mwenyewe anaogopa polisi na korona kwa pamoja. Habari ya kawaida ingesema, "Wajawazito wateseka usiku," na ingekuwa kweli. Sasa, mama mwenye uchungu aliyeisikia angefanya nini nayo?

Wakati huo kulikuwa na daktari kijana, Jemimah Kariuki, aliyekuwa akisomea udaktari wa uzazi katika Hospitali Kuu ya Kenyatta. Aliona wadi ya wazazi imepungua watu, naye alijua fika kwamba wanawake hawajaacha kuzaa. Basi wako wapi? Akashirikiana na wengine kuanzisha huduma iliyoitwa Wheels for Life, yaani magurudumu ya uhai. Mama alipiga simu bila malipo, daktari akapokea na kumuuliza maswali. Ikiwa hali ilikuwa ya hatari, aliitiwa ambulansi. Ikiwa ni uchungu wa kawaida, alitumiwa teksi ya kumfikisha hospitali bila kulipa.

Unaona tofauti? Habari ya namna hiyo haikufichi kwamba wanawake wanateseka. Lakini ukiisikia unajua kwamba kuna mtu wa kupigiwa simu. Na hata ukiwa mbali, kichwa chako kinaanza kufanya kazi: je, sisi huku kwetu hatuwezi kukubaliana na mwenye probox mmoja awe anachukua wajawazito usiku, chama kimlipe mwisho wa mwezi? Niongeze jambo ambalo mwandishi mzuri hawezi kuliacha. Huduma ile ilianzia Nairobi, mahali penye teksi nyingi, barabara na hospitali za karibu. Mama wa Samburu au wa bondeni Tana River, ambaye hospitali iko kilomita nyingi na gari hupita mara moja kwa siku, hangesaidiwa kwa njia ile ile. Mwandishi akiyasema hayo hataharibu habari yake. Mimi humwamini zaidi.

Mfano wa pili naupenda kuliko wote, kwa sababu mimi mwenyewe nauona ukifanya kazi wadini. Mara kwa mara mtasikia habari kwamba watoto waliozaliwa kabla ya siku zao wamelazwa wawili au watatu katika mashine moja ya joto, ile tunayoiita inkubeta. Ni habari ya kusikitisha, na lazima isemwe ili wanaopanga fedha za hospitali waone haya. Lakini mama mwenye mimba akiisikia husema moyoni, "Mtoto wangu akizaliwa mdogo, basi amekwisha."

Sasa sikiliza. Mwaka wa 1978, katika mji wa Bogotá nchini Colombia, daktari aliyeitwa Edgar Rey Sanabria alikuwa na shida hiyo hiyo. Inkubeta zilikuwa chache, watoto walirundikana, wakaambukizana magonjwa. Akawaambia akina mama wawabebe watoto wao kifuani, ngozi kwa ngozi, kama kangaruu anavyombeba mwanawe mfukoni, na wawanyonyeshe. Joto la mama likawa mashine. Leo tunaiita huduma ya kangaruu.

Ushahidi uko wapi? Uko, na si wa jana tu. Mwaka wa 2021 yalitolewa matokeo ya utafiti uliosimamiwa na Shirika la Afya Duniani katika hospitali tano, moja moja katika nchi za Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania. Walichukua watoto wenye uzito wa kilo moja hadi chini kidogo ya kilo moja na gramu 800. Kundi moja lilianza kangaruu mara tu baada ya kuzaliwa. Kundi la pili lilingoja mpaka hali ya mtoto itulie, kama ilivyokuwa desturi. Katika siku 28 za kwanza, katika kila watoto 100 wa kundi lililongoja, walifariki kama 16. Katika kundi lililoanza mapema walifariki 12. Tofauti ilikuwa wazi hata utafiti ukasimamishwa kabla ya wakati wake, kwa sababu haingekuwa haki kuendelea kuwanyima wengine. Mwishoni mwa mwaka wa 2022 Shirika la Afya Duniani likashauri kwamba watoto wadogo waanzishwe kangaruu mara wanapozaliwa.

Na mipaka yake? Bado watoto 12 walifariki. Kangaruu si uchawi. Katika utafiti ule mama na mtoto walikuwa pamoja katika wadi yenye wauguzi, oksijeni na dawa. Hawakutumwa nyumbani wakajitegemee. Kwa hivyo asije mtu akasema nimetangaza redioni kwamba hospitali haina haja ya inkubeta! Haja iko, tena kubwa. Pia inahitaji mama awe na kitanda karibu na mtoto wake, jambo ambalo katika hospitali zetu nyingi bado ni taabu.

Lakini angalia mama anayesikia habari nzima namna hiyo atafanya nini. Akijifungua mtoto mdogo, atamuuliza muuguzi, "Sista, naweza kumbeba kangaruu?" Swali hilo peke yake lina thamani. Mtoto huvuliwa nguo akabaki na nepi, kofia na soksi. Huwekwa wima katikati ya matiti, kichwa kikigeuzwa upande ili apumue vizuri, kisha mnafungwa pamoja kwa leso. Muda usipungue saa nane kwa siku, na ukizidi ni bora. Mama akichoka, baba hubeba. Ndiyo, baba. Kifua chake kina joto kama chako, na hakuna mila iliyowahi kuvunjika kwa sababu mwanamume amembeba mwanawe. Mkiwa mmesharuhusiwa kwenda nyumbani, mtoto akikataa kunyonya, akipumua kwa shida, akiwa wa baridi au wa moto kupita kawaida, akipata mtukutiko au akiwa manjano mpaka kwenye nyayo, msingoje asubuhi. Mpelekeni hospitali usiku huo huo.

Sasa nigeuze upande wa pili, kwa sababu kuna habari zinazovaa nguo za suluhisho na sizo. Mnamkumbuka Babu wa Loliondo? Mwaka wa 2011, katika kijiji cha Samunge kaskazini mwa Tanzania, mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile alitoa kikombe cha dawa ya mizizi kwa shilingi 500 za Tanzania. Ilisemekana inatibu kisukari, saratani, ukimwi na mengineyo. Foleni ya magari ilienda kilomita nyingi, na Wakenya walivuka mpaka kwa wingi. Habari zilikuwa nzuri kusikiliza: mzee mnyenyekevu, bei ya chini, watu wenye matumaini. Lakini wengi waliosimulia foleni hawakuuliza wamepona wangapi, na nani amewapima. Wapo waliorudi wakaacha dawa zao za ARV. Walipozirudia, kwa waliorudia, virusi vilikuwa vimeshapata nafasi. Mzee mwenyewe alifariki mwaka wa 2021, na sina nia ya kumsema vibaya. Ninachosema ni kwamba habari njema isiyo na ushahidi inaweza kuua kama habari mbaya isiyo na njia. Na siku hizi haihitaji hata mwandishi. Inakuja kwenye simu yako kwa WhatsApp, imetumwa na shangazi yako, imeandikwa "tuma kwa watu kumi".

Kwa hivyo ukisikia habari ya afya, ya kutisha au ya kufurahisha, jiulize hivi. Ni nini hasa kimefanywa, na nani? Walifanyaje? Wamepima au wamehisi tu? Na inashindwa wapi? Habari ikikosa majibu yote manne, usiichukulie hatua bado. Kwanza mwulize muuguzi au mhudumu wa afya wa kijiji chako. Kwangu mimi swali la mwisho ndilo kali kuliko yote, kwa maana mwenye dawa ya uongo hana jibu lake. Dawa yake haishindwi popote.

Kuna jambo moja zito ambalo ni lazima nilitaje, hata kama kuna watoto karibu na redio. Nalo ni watu kujiua. Katika mji wa Vienna, Austria, miaka ya 1980, visa vya watu kujiua kwenye reli za mji viliandikwa magazetini kwa makeke, na visa vikazidi. Mwaka wa 1987 waandishi walikubali mwongozo wa kupunguza makelele hayo, na visa vikashuka sana katika miezi iliyofuata. Baadaye, mwaka wa 2010, wataalamu wa Austria walichapisha utafiti uliotazama habari mbalimbali. Waligundua kwamba pale magazeti yalipoeleza juu ya mtu aliyekuwa na mawazo hayo, akapata namna ya kuyavuka, visa vilielekea kupungua. Hawakuthibitisha kwamba habari ndiyo iliyoleta tofauti, lakini dalili hiyo si ya kupuuza.

Nalitaja kwa sababu kuna mama anayenisikiliza sasa, ana mtoto wa wiki sita, hana usingizi, analia bila kujua kwa nini, na amewahi kuwaza kwamba afadhali asingekuwepo. Mama, hiyo ni hali ya ugonjwa baada ya kuzaa, haitokani na wewe kuwa mama mbaya, na inatibika. Wapo akina mama tunaowajua, waliokaa mahali hapo ulipo, na leo wanawatengenezea watoto wao uji. Mwambie mtu mmoja leo, kisha uje kliniki na uniambie mimi au muuguzi yeyote. Usiogope kwamba utaitiwa polisi. Mwezi wa Januari 2025 Mahakama Kuu ilitoa uamuzi kwamba kifungu cha sheria kilichomfanya aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu kinakwenda kinyume cha Katiba. Na wewe jirani, ukiambiwa maneno hayo, usiseme "omba Mungu tu". Omba naye, halafu msindikize.

Je, habari zenye suluhisho humfanya mtu abadilike kweli? Nitawaambia kama ilivyo. Mtafiti wa Marekani, Karen McIntyre, aliwapa watu habari za tatizo, nyingine zikiwa na suluhisho na nyingine bila. Waliosoma zenye suluhisho walikuwa na huzuni kidogo na waliipenda habari zaidi. Lakini hawakuonyesha kwamba watatenda zaidi ya wenzao. Mimi muuguzi sishangai. Mama anaweza kujua yote juu ya kuzalia hospitali, na bado hana nauli, au mwenye kutoa ruhusa amesafiri. Habari humtoa kwenye woga, lakini haimpi shilingi mia mbili za boda boda. Hapo ndipo sisi majirani tunapohitajika.

Mnaweza kuanza na chama chenu. Mkikutana, kabla ya kuhesabu michango, mmoja aeleze habari ya afya aliyoisikia wiki hiyo, na wengine wamuulize yale maswali manne. Ni dakika kumi tu. Na stesheni ikifungua laini za simu, msipige kusema tu kwamba mambo ni mabaya. Mwulizeni mtangazaji, "Hili tatizo la dawa kukosekana, ni zahanati gani katika kaunti yetu imelimaliza, na walifanyaje?" Mtangazaji akiulizwa hivyo na akina mama watano, itabidi atume mtu kwenda kuangalia.

Na kwa watoto wadogo, taarifa ya saa moja jioni yenye damu na vilio izimwe au ipunguzwe sauti. Mtoto wa miaka mitano hajui kwamba moto ule uko mbali. Anadhani uko nyuma ya nyumba. Ikiwa ameshasikia, mweleze kwa maneno machache kilichotokea, na mwambie pia juu ya watu waliokwenda kusaidia.

Muda wangu umekwisha, naona mtangazaji ananipungia mkono. Wiki ijayo saa hizi hizi nitakuja na mwanasesere na leso mbili, nimweleze mtangazaji jinsi ya kumfunga mtoto kangaruu naye awasimulie anachokiona. Kama una mtoto aliyezaliwa mdogo, au una binti aliyekaribia kujifungua, weka leso yako karibu tufunge pamoja. Mpaka wakati huo, kwaherini.